Niliulizwa Habari Nikajibu Nzuri

Nilimpokonya nesi kalamu. Naanza hapo kwa sababu hicho ndicho wanachokumbuka watu wa ile kliniki, na wengine wakinikuta sokoni wananiita Mama Kalamu. Sawa, waniite. Lakini hawajui kalamu ile ilikuwa inaandika nini.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kliniki, benchi zimejaa. Mimi dripu zangu za saratani nilishazimaliza miezi mitano nyuma, nilikuja kuangaliwa mapafu tu. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja kutoka Magu, Bibi Ngolo, ameletwa na binti yake. Siku hiyo alikuwa anapimwa damu na kuulizwa hali, kesho yake atundikiwe dripu ya saba. Tangu saa moja bibi alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nilikijua. Kilikuwa changu kabla hakijawa chake, na dawa zake zilikuwa zile zile zangu, niliona karatasi yake.

Sista Edna, nesi wa zamu, akapita na mafaili mkononi.

"Shikamoo bibi. Mhola?"

"Mhola duhu, mwanangu," bibi akajibu kwa Kisukuma chake. Mzima tu. Akatabasamu vizuri kabisa, akabana pumzi mpaka nesi ainamie faili, ndipo akakoholea kwenye kanga.

Sista Edna akaandika. Nilikuwa karibu, niliona. Maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba mgonjwa hana malalamiko. Nayajua maneno hayo kuliko jina la baba yangu, kwa sababu yameandikwa kwenye faili langu mara tisa.

Nikasimama, nikaichukua kalamu mkononi mwake.

"Mama Minza, una nini wewe?"

"Huyu anakohoa."

"Nimemuuliza, kasema mzima."

"Umemsalimia," nikamwambia. "Hujamuuliza."

Nilitaka kupiga kelele, lakini sauti ya kelele sina tena. Nikisema maneno matano lazima nivute hewa. Kwa hiyo hasira ilitoka vipande vipande, na nadhani hiyo ndiyo iliyowatisha. Baba mmoja wa benchi ya nyuma akasema, "Dada, hiyo kalamu yenyewe haina wino, huwa anaitikisa kwanza," watu wakacheka. Mlinzi akaja, mzee wa watu, akaniomba nimrudishie mwenzangu kalamu yake tukakae nje, nikairudisha. Matron naye akatoka ofisini. Hakunifokea. Alisema tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, "Kama una malalamiko, yaandike. Sanduku lile pale ukutani."

Nitarudi kwenye hilo sanduku. Kwanza niseme nilifikaje hapo, maana kuna mtu anasoma hii yuko dripu ya pili au ya tatu, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Uvimbe ulinitoka shingoni mwanangu Minza akiwa na miaka miwili. Wakakata kipande wakapima, wakasema ni saratani ya tezi za limfu, na kwamba inatibika. Hilo neno la mwisho nililishika kwa mikono miwili. Dripu kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili. Ya kwanza niliwekewa mvua za vuli zikianza.

Kila mara dawa zilikuwa nne. Wote tuliiogopa ile nyekundu, kwa rangi yake na kwa sababu ukitoka hapo unakojoa nyekundu. Iliyoniharibu mapafu haikuwa hiyo. Ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa, inaitwa bleomisini, na sikuwahi hata kuitazama ikidondoka.

Nywele zilikwenda baada ya dripu ya pili. Sikulia. Kucha zikawa nyeusi. Chakula kikawa na ladha ya funguo. Haya yote nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeambiwa pia, siku ya kwanza kabisa, kwa haraka, pamoja na mambo mengine kama kumi na tano, kwamba nikikohoa niseme. Lakini wewe jaribu kukumbuka jambo la kumi na tatu uliloambiwa siku uliyoambiwa una saratani.

Dripu ya tatu mgongo ulianza kuniwasha, ikatokea michirizi mirefu, myeusi, imepishana, mfano halisi wa mtu aliyechapwa fimbo. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Buhongwa kunisaidia kuoga. Akamwaga kopo la kwanza, akautazama mgongo. Akaniacha na povu, akatoka uani.

"Masanja, njoo hapa."

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Akaja na miwani yake ya kazi kichwani.

"Umempiga mgonjwa?"

"Nani, mama?"

"Nakuuliza wewe. Baba yako hakuwahi kunigusa, hii umeitoa wapi?"

Nikapayuka kutoka bafuni kwamba ni dawa, inawasha, najikuna. Mama mkwe akajibu bila hata kugeuka, "Kila mwanamke aliyepigwa husema amejikuna." Wiki mbili Masanja alikula peke yake uani. Leo tunacheka. Wakati ule yeye hakucheka, na mimi nilikuwa nimechoka mno kumtetea mtu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Dripu ya nne nilikwenda kliniki na mgongo ule. Sista Edna akaniuliza, "Mama Minza, habari za tangu juzi?" Nikasema nzuri. "Mtoto hajambo?" Hajambo. "Haya, lala hapo." Tulilelewa hivyo. Mtu akikuuliza habari hata kama nyumba inaungua unaanza na nzuri, halafu ndiyo unasema nzuri ila nyumba inaungua. Mimi nilisubiri nafasi ya hiyo "ila". Kliniki ile haikuwa na nafasi ya "ila". Nesi mmoja, wagonjwa arobaini. Akishasikia nzuri, ameandika, yuko kwa wa pili.

Kikohozi kilianza dripu ya sita. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Masanja alisema ni moshi wa kazi yake, akaanza kuvua nguo za kazi nje kabla hajaingia. Mama mkwe alisema ni baridi ya ziwa. Jirani yangu alisema ni kifua kikuu. Hakusema kwangu, alisema kwa wengine, nami nilijua siku alipoanza kunipa maji kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, kile kile, peke yangu. Nikaenda mwenyewe zahanati kupima makohozi mara mbili. Hakuna kitu. Nikanywa dawa za maji za kila rangi.

Tunaishi Mabatini, hapa Mwanza, juu kwenye mawe. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu ni kupanda tu, ngazi zilizochongwa kwenye mwamba na watu wenyewe. Kabla ya ugonjwa nilipanda na ndoo kichwani, Minza mgongoni, huku nagombana na mtu kwenye simu. Dripu ya saba nilianza kupumzika dukani kwa Mama Salome. Dripu ya nane nikaongeza kupumzika bombani. Ya tisa, masika imeshaanza na mawe yanateleza, vituo vikawa vinne. Minza alivikariri. Akifika bombani anakaa mwenyewe bila kuambiwa. Siku moja nikamkuta anacheza uani, amemkalisha mwanasesere wake juu ya tofali, anahema, ha, ha, ha, halafu anamwambia, "Subiri kidogo mama apumzike." Niliingia ndani nikafunga mlango.

Wiki ile ile alinichomoka mkononi pale bombani, akashuka mbio kwenda barabarani. Nilifungua mdomo nimwite. Hakikutoka kitu. Nilisimama pale mdomo wazi namtazama mwanangu anakwenda kwenye magari, miguu haiendi, sauti haiji. Mama Salome alimdaka kwa gauni. Jioni Masanja akaniuliza, "Ulikuwa unaangalia nini?" Nilirusha sufuria, ikampita, ikaenda kutoboa chandarua cha dirisha. Hatukusemeshana mpaka Jumapili.

Na dripu ya tisa niliulizwa habari, nikajibu nzuri.

Dripu ya kumi sikuipata yote. Kulikuwa na daktari mpya, kijana, anaonekana kama aliazima koti. Aliita jina langu, halafu badala ya kutazama faili akanitazama mimi ninavyotembea kutoka kwenye benchi. Mwendo wa hatua ishirini hivi.

"Kutoka nyumbani kuja hapa umepumzika mara ngapi?"

Nilishangaa. Nikahesabu. "Kushuka mbili. Kupanda huwa nne."

"Tangu lini?"

"Tangu dripu ya saba."

Akanivalisha kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa kwenye damu, akasema twende tutembee. Tukaenda mpaka mwisho wa korido tukarudi, yeye kakishika kidole changu, watu wanatuangalia kama maharusi. Tulipoanza kilisoma tisini na sita. Tuliporudi kilisoma themanini na mbili. Akanikalisha, akafungua faili langu tangu ukurasa wa kwanza, akapekua taratibu mpaka mwisho. Mara tisa. Maneno yale mawili.

"Dada Leticia, mbona hukusema?"

"Nilisema nzuri."

Akapiga mstari kwenye karatasi ya dawa, ile nyeupe ikaondolewa siku hiyo hiyo. Dripu zilizobaki nilizimaliza kwa zile dawa nyingine tatu. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yameingia makovu huku chini. Akaniambia ukweli: mengine yatalainika, mengine yatabaki. Nilimpenda kwa kutonidanganya, nikamchukia kwa sababu alikuwa karibu.

Nikapewa vidonge vya kutuliza mapafu, vya miezi mitatu. Vilinijaza uso ukawa duara kama sinia. Hapo ndipo watu wakaanza kunipongeza. "Mama Minza, umenawiri, umepona." Nimenawiri, na siwezi kufua shuka. Nilikuwa na njaa ya mtu aliyelima ekari mbili na hasira isiyo na mwenyewe. Nilimfukuza mama mkwe kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Alirudi baada ya siku tatu na viazi vitamu na hakuniuliza kitu. Masanja alihamia kibandani kwake kwenye karakana, siku nne. Nilijua anakwenda moja kwa moja.

Siku ya tano nilikuwa napandisha kutoka kliniki, nimefika kwenye kile kituo changu cha tatu, ambacho ni jiwe tupu lenye ncha, huwa nasimama nalishika. Nikamkuta Masanja amechuchumaa na mwiko wa saruji. Alikuwa amechomelea kiti cha chuma, kifupi, kina mahali pa kuegemea mkono, ameshakizika miguu kwenye mwamba.

"Usikikalie leo," akasema. "Saruji haijakauka."

Nikasimama pembeni yake nikahema. Siku hizi wazee wote wa mlima ule wanakikalia, na ukimkuta mtu anakuambia, "Samahani mama, ngoja nikupishe."

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani siku niliyochukua kalamu. Saratani haipo, wamepima. Nimepona. Lakini Minza simbebi tena kupanda mlima, na ana miaka mitatu tu, bado ananyoosha mikono. Na pale kwenye benchi bibi wa watu anakohoa kikohozi changu, kesho saa tatu anatundikiwa dawa ile ile.

Nilitoka pale nikaenda kazini. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, Mirongo, nimeshachapa barua za watu za kila aina: za kuomba kazi, za kuomba talaka, za kumshtaki jirani na mbuzi wake. Yangu sikuwahi. Bosi wangu alisimama nyuma yangu akisoma.

"Anza na kwa heshima na taadhima, Leti. Hawa ni wakubwa."

"Heshima nitaweka. Taadhima sina."

"Na hapa usiseme hasira."

"Sijaandika hasira. Nimeandika korido."

Kesho yake saa moja nilikuwa hospitali. Lile sanduku la ukutani nililichungulia: kufuli limeota kutu, juu pana chupa tupu ya soda. Nikaenda masjala, ofisi ya barua. Kijana wa pale akasema tumbukiza kwenye sanduku. Nikamwambia nataka mhuri kwenye nakala yangu, na sina haraka, nina pumzi chache lakini muda ninao. Akagonga mhuri.

Niseme kilichotokea, maana barua haisemi. Saa tatu kasoro, nimekaa na Bibi Ngolo chumba cha dripu, yule daktari kijana alikuja na barua mkononi, na Sista Edna nyuma yake na kibanio. Wakamwinua Bibi Ngolo watembee. Hakufika nusu ya korido. Dawa nyeupe hakupewa siku ile, na binti yake ndipo akatoa siri kwamba mama anakohoa wiki ya tatu, usiku analala amekaa. Bibi mwenyewe alininunia. "Mwanangu, umeniaibisha," akaniambia. "Mtu akisalimiwa anaitikia. Sasa nimwambie mgeni wangu kwamba naumwa?" Halafu akaniomba nimsogezee mto. Sista Edna alipita, akasimama mbele yangu, akaichomoa kalamu ile ile mfukoni akanipa. "Kaa nayo," akasema. "Nimenunua nyingine." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananiomba radhi. Ninayo.

Wewe uliye kwenye benchi, usisubiri zamu ya "ila". Kohoa mbele yao. Na barua yenyewe ni hii, kama ilivyopigwa mhuri.

Leticia Nyanda,
Mabatini, Mwanza.

Kwa Mganga Mfawidhi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAGONJWA WA DRIPU ZA SARATANI KUTOULIZWA KAMA WANAKOHOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgonjwa wenu. Nilipata dripu kumi na mbili hapa na saratani imeisha, nashukuru. Naleta malalamiko kwa sababu moja ya dawa hizo iliharibu mapafu yangu wakati faili langu linasema mara tisa kwamba sina tatizo lolote.

Sikuwahi kuulizwa kama nakohoa. Sikuwahi kuulizwa kama nachoka nikipanda. Niliulizwa habari, nikajibu nzuri, kama alivyonifundisha mama yangu na kama wao walivyofundishwa na mama zao. Jibu la salamu likaandikwa kuwa ndilo jibu la ugonjwa. Katika hilo na mimi nina kosa. Lakini mimi nilikuwa mgonjwa, na dawa mnaijua ninyi.

Naomba mambo mawili. La kwanza, kila mgonjwa wa dawa hiyo, kabla hajatundikiwa, atembezwe mpaka mwisho wa korido na kurudi akiwa na kipimo kidoleni. Nimepima mwenyewe, ni dakika tatu kwa mtu mzima na sita kwa mtu kama mimi. La pili, aulizwe kwa maneno haya: unakohoa? Umepumzika mara ngapi njiani? Na aliyemsindikiza aulizwe pia, kwa sababu mgonjwa ataficha.

Bibi Ngolo wa Magu anatakiwa kuwekewa dripu leo saa tatu. Anakohoa. Naomba aanze yeye.

Sidai fidia. Mapafu hayarudishwi na masjala. Nataka jibu la maandishi, na nataka maneno yale mawili yasiandikwe tena kwenye faili la mtu ambaye hajatembezwa.

Nitakuwa kliniki kila mwezi kwa ajili ya kifua changu, benchi ya tatu, karibu na bomba. Mkinikuta hapo msinisalimie kwanza. Niulizeni napumuaje.

Leticia Nyanda